Risasi Safi Hailii

Nikimkumbuka Fundi, kinachonijia kwanza si uso wake bali sauti, na sauti yenyewe ni ya kitu kisicholia. Kipande cha risasi kinaangushwa kwenye sakafu ya saruji, kinasema tup, kinanyamaza. Kinaokotwa, kinatiwa kwenye kopo la maziwa ya unga, kisha kinaangushwa kingine. Kwa miaka mingi siku yangu ilifunguka kwa sauti hiyo ikipenya ukutani, pale Ghala, mtaa wa viwanda hapa Maskati, kabla mashine zangu hazijaanza makelele yake na jua halijapanda juu ya mabati. Hata leo, nikiamka alfajiri nikiwa bado kati ya usingizi na dunia, huwa naisikia, na kwa muda kidogo najiona ningali jirani yake.

Mimi nina duka la tairi. Yeye alikuwa na karakana mlango wa pili, isiyo na kibao nje. Vibali vya serikali vilikuwa ndani, ukutani, kwenye fremu za dhahabu ambazo watu wengine huzitilia picha za harusi. Kazi yake ilikuwa kurekebisha bastola za kuzunguka, zile rivolva za vyumba sita, za wastaafu wa jeshi na wanachama wa klabu ya shabaha, ili zipige pale zinapoelekezwa. Na hakutaka zipige kwa risasi za dukani zilizovishwa shaba. Aliamini katika risasi ya kusubu: unaiyeyusha mwenyewe, unaimimina kwenye kalibu, unaiacha ipoe, unaipaka nta. Kile kidude kinachotoka kwenye kalibu alikiita kokwa, kwa vile kilimkumbusha kokwa ya tende, na mimi nami nitakiita hivyo hivyo, nisije nikakuchanganya kati ya risasi, yale madini yenyewe, na kinachofanyizwa kwayo.

Jina lake nalijua. Lakini Ghala nzima tulimwita Fundi, mkewe alimwita Fundi, na siku moja mtu wa benki alipompigia simu akamtaja kwa jina lake, la babake na la kabila lake, alimjibu kwa adabu kwamba huyo bwana hayupo, ametoka. Mimi aliniita Tabora, kwa kuwa babangu alizaliwa huko kabla ukoo haujarudi Omani. Kwao yeye ni Unguja, na mbele ya mtu wa Unguja sisi wa bara Kiswahili chetu ni cha kuokoteza. "We Tabora," atasema, "Kiswahili chako kina vumbi la reli." Nami nikimwambia chake kimezidi chumvi. Tulitaniana hivyo mpaka mwisho, na hiyo ndiyo namna aliyonipendea.

Urafiki wetu ulianzia kwenye ndoo. Gari likiletwa kubadilishwa tairi, tunabandua pembeni mwa rimu vile vipande vidogo vinavyobanwa ili gurudumu lisitikisike, tunavitupia ndooni. Zamani karibu vyote vilikuwa vya risasi. Siku hizi viwanda vimegeuza mambo, vingine ni vya chuma na vingine vya zinki. Cha chuma hunaswa na sumaku, basi hicho hakina shida. Cha zinki ndicho adui, maana kimefanana na cha risasi kwa rangi na kwa uchafu wa barabara, na kikiyeyukia ndani ya sufuria ya risasi, sufuria nzima imeharibika: uji unakuwa mzito, kokwa zinatoka na makunyanzi, na ukizipiga kila moja inakwenda inapotaka. Kwa hiyo Fundi alikuwa akija na kopo lake asubuhi, akichukua vya jana yake, na kwenda kuviangusha kimoja kimoja sakafuni kwake. Cha zinki hulia ting, kama kijiko cha chai. Cha risasi hakilii. Vya zinki alivitupa kwenye pipa la taka lililokuwa karibu na mlango.

"Risasi safi hailii," aliniambia siku ya kwanza. "Yenye maneno mengi, itupe."

Nilimuuliza kwa nini asitumie koleo. Risasi ni laini, koleo huimega mara moja; zinki huteleza, haiachi hata alama. Akanitazama kwa huruma, kama nimemuuliza njia ya kwenda nyumbani kwangu mwenyewe.

"Koleo la viziwi hilo, Tabora. Mwenye masikio ataka koleo la nini?"

Nilicheka, na nikaenda kumsimulia mke wangu, naye akacheka.

Ndani ya karakana yake wakati ulikuwa na mwendo mwingine. Nje malori yanarudi nyuma yakipiga vinanda vyao, watu wanagombea nafasi ya kuegesha, jua linapiga kioo mpaka macho yanauma. Ukiingia kwake unakuta baridi ya kiyoyozi, harufu ya nta na mafuta mepesi, na mwanga mmoja kutoka kidirisha cha juu unaoangukia jiliwa, ambamo kipande cha chuma kimebanwa na kuvikwa ngozi kisichubuke. Fundi ameinama juu yake, kofia ameivua na kuiweka juu ya birika la kahawa, na mkono unakwenda na kurudi. Huwezi kusema amefanya nini. Ukirudi adhuhuri mkono bado unakwenda na kurudi. Nilikuwa nikipenyeza dakika zangu kwenda kukaa pale bila haja yoyote, na mara nyingi nilisinzia kitini, nikaota ndoto fupi zenye rangi ya chuma, nikaamka nikamkuta palepale.

Bastola ya kuzunguka, alisema, ni nyumba ya vyumba sita na ukumbi mmoja. Kokwa imelala chumbani. Ikiitwa, inatoka mlangoni, inavuka upenyo mdogo, inaingia ukumbini, yaani kwenye mtutu. Sasa kama mlango wa chumba ni mwembamba kuliko ukumbi, kokwa itabanwa pale mlangoni ipungue, na ikifika ukumbini itakuwa inapwaya. Moto utapita ubavuni mwake, utairamba, risasi itaganda kwenye mtutu, na shabaha itatawanyika. "Na mwenye bastola akiona risasi imeganda kwenye mtutu, anausugua mtutu. Anausugua, masikini, mpaka mwaka wa pili. Wa ukumbini analaumiwa, na mkosa yupo mlangoni." Halafu vile vyumba sita havilingani. Aliviingiza kipimo kimoja kimoja na kutikisa kichwa. "Hawa sita wamekulia nyumba moja, lakini kila mmoja na babake."

Dawa yake ilikuwa kuvifanya vyumba vyote kuwa na mlango wa kipimo kimoja, mpana kidogo tu kuliko ukumbi, na kisha kuulainisha mtutu pale ulipojibana. Kujua ulipojibana, alitia kipande cha risasi laini mdomoni mwa mtutu, akakisukuma kwa kijiti cha mti, taratibu, macho amefumba. Mkono ulimwambia. "Hapa pana koo," atasema, na mara nyingi lilikuwa palepale mtutu unapoungana na mwili wa bastola. Halafu alikisubu kijiti cha risasi humohumo ndani ya mtutu, akakipaka unga wa kusugulia, laini kama podari, akakivuta na kukirudisha. Risasi ndiyo iliyomtengenezea risasi njia. Alipima, akasugua, akapima, na kabla ya kila mvuto wa mwisho alisema neno lake moja: "Chuma kikishatoka hakirudi."

Aliwahi kuniambia kwamba huota akitembea ndani ya mitutu. Kuta zinang'aa, mifereji inapanda ubavuni ikizunguka, na kule mbele kuna duara la mwanga, naye anakwenda kwa miguu, kanzu yake ya Ijumaa, anapapasa kuta kwa viganja akitafuta palipojibana. "Nnazunguka na njia," alisema, "wala sioni kizunguzungu." Nilimuuliza hufika mwisho? Akasema hufika karibu, kisha mkewe humwamsha kwa sala ya alfajiri. Aliisema bila kunitazama, akipuliza vumbi kwenye tupa.

Usidhani alikuwa mtu wa subira katika kila jambo. Ukimtoa kwenye jiliwa ukamweka nyuma ya usukani, huyo alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na kijigari kidogo cheupe, na barabara kuu ya kutoka Ghala kwenda Qurum, kwa mwanawe, aliiendesha kama anayefukuzwa. Nilipanda naye mara moja, nikashuka nikasema shahada. Simu hakujua kuisubiri ilie mara mbili. Mkewe akichelewa kidogo kumtilia chai, anakwenda kuitia mwenyewe na kuimwaga. Mkewe alikuwa akisema mbele yetu, "Subira yote ameimaliza kwa vyuma, sie huku tumebakishiwa makapi." Fundi alicheka kuliko sote.

Na hakuwa mlenga shabaha. Hili lilinishangaza kuliko yote. Walipomchukua uwanjani kujaribu kazi yake, alipiga bastola ikiwa imefungwa kwenye kiegemeo, na alipoombwa aishike kwa mkono alikataa. "Mie mpishi," alisema. "Nnapika, wengine wale." Nadhani pia aliiogopa. Bastola iliyo mezani kwake hakuna aliyeruhusiwa kuishika kabla yeye hajaifungua na kumwonyesha mtu vyumba vitupu, na hata hapo mdomo wa bastola uliangalia mchanga uliokuwa kwenye karai pembeni. Alikuja tajiri mmoja, anuka udi mpaka barabarani, akaichukua bastola tupu akamlenga paka wa Fundi aliyekuwa amelala dirishani, kwa mzaha. Fundi alimpokonya, akaifungua vipande vipande, akavifunga vyote kwenye kitambaa na kumkabidhi. "Kaunganishiwe kwengine," alimwambia. Yule bwana akasema ilikuwa tupu. "Paka hajui," alisema Fundi, akarudi kwenye jiliwa.

Sijui ni lini masikio yake yalianza kumwacha. Miaka yote ile ya milio ya majaribio, na ujanani hakuna aliyevaa kinga. Naona yaliondoka kidogo kidogo, kwa heshima, kama wageni wanaoaga bila kumuamsha mwenye nyumba. Alianza kuniambia kwamba Maskati imetulia. "Siku hizi mji una adabu, Tabora. Hata malori yamejifunza." Wakati huo mbele ya mlango wetu palikuwa na kreni inavunja ghala zima. Nilidhani ni utani nikacheka, naye akacheka, na sasa sijui kila mmoja alicheka nini.

Mkewe aliligundua kabla yetu. Alimnunia, akamwomba aende kwa daktari, akamtuma mwanawe, na mwisho akasema lile neno la wahenga, sikio la kufa halisikii dawa. Fundi aliyapeleka masikio kwa daktari, akarudi na vifaa viwili vidogo vya kuvaa ambavyo mwanawe alivinunua ghali. Alivivaa siku chache. "Vinanipa kelele," alilalamika, "havinipi sauti." Alisikia kiyoyozi, alisikia sahani jikoni, alisikia kanzu yake ikijisugua. Risasi ikianguka sakafuni hakuisikia, wala zinki. Hilo la mwisho hakulisema kwa mtu. Vile vifaa vikaingia kwenye droo ya misasa, na kila asubuhi akaendelea kuangusha vipande vyake.

Nililijua kupitia ukutani. Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, nikasikia ting. Safi kabisa. Nikangoja pipa la taka, kwa sababu baada ya ting siku zote hufuata mgongano wa pipa. Nikasikia kopo. Nikasema nimekosea, chai imenipanda kichwani. Kikaanguka kingine, ting, na kikaingia kopo. Nilikaa na ile glasi mkononi mpaka chai ikaganda utando. Siku zile alikuwa na kazi ya Afande, na ndiyo iliyonitia hofu.

Afande alikuwa mwanajeshi mstaafu, mrefu, ndevu nyeupe zilizochongwa, mteja wa Fundi wa tangu zamani. Siku aliyostaafu walimpa rivolva kongwe ya ukumbusho, ya kampuni iliyokwisha kufa, isiyo na vipuri popote. Haikuwahi kupiga sawa. Akaileta. Alisema macho yanamuaga, na anataka kabla hayajafika mwisho apige nayo vizuri mara moja tu klabuni, mbele ya wenzake. Fundi aliifanyia kazi majira yote ya joto. Alivilinganisha vyumba, akaliondoa koo, wakaenda kuijaribu kwa kokwa za zamani, ikapiga vizuri ajabu. Kazi ilikuwa imekwisha. Kisha akasubu kokwa mpya za kumkabidhi Afande pamoja nayo, wakaenda tena, na karatasi ikarudi imetobolewa huku na huku kama chandarua kilichotafunwa na panya.

Fundi hakulala. Aliniambia amekosea vipimo. Mimi sikuwahi kumsikia akisema neno hilo.

Siku niliyoingia, Afande alikuwa kitini na finjani ya kahawa, ametulia. Silinda, ile nyumba ya vyumba sita, ilikuwa kwenye jiliwa, imevikwa ngozi, na Fundi ameshika kile chombo chenye meno cha kupanulia midomo ya vyumba. Ameshakipaka mafuta. Juu ya kitambaa palikuwa na kokwa mpya, na hata mimi, muuza tairi, niliyaona makunyanzi.

"Fundi, hizi mbona zimezeeka?" nilimuuliza kwa sauti.

"Kalibu ilikuwa baridi. N'meongeza moto." Na huko kuongeza moto ndiko kulikoiyeyusha zinki yote ambayo ingeelea juu ikaonekana. "Lakini si kokwa, Tabora. Vyumba ndivyo. N'livibakisha vyembamba. Leo nnavifungua."

Yeye, aliyetufundisha sote tusimlaumu asiyekosa. Meno yale yakishazunguka mara moja, bastola ya Afande isingekuwa bastola tena, ingekuwa pambo, na Fundi asingejua ni kwa nini, angeulaumu mkono wake mpaka kufa. Nikachukua kipande kimoja kutoka kwenye kopo lake nikakiangusha sakafuni. Kililia ting, kikaruka, kikalia tena, kikazunguka mpaka chini ya meza. Fundi aliinamisha kichwa akisikiliza, uso umetulia, macho kwenye sakafu, anangoja kama unavyomngoja mtu amalize kusema. Halafu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi," alisema.

Sijawahi kuhuzunika namna ile kwa ajili ya mtu aliye hai.

Kumpigia kelele mbele ya mteja wake sikuweza. Ukutani palitundikwa koleo lake la kukatia nyaya. Nikalitoa, nikakiokota kile kipande, nikakibana mbele ya macho yake kwa nguvu zangu zote. Koleo likateleza. Nikakiweka kwenye kiganja chake. Akakipapasa kwa kidole gumba, akitafuta alama, hakuiona. Hakunitazama mimi, alilitazama koleo. Kisha alilichukua mkononi mwangu, akachota vipande kwenye kopo, akaanza kubana. Kimoja kikamegeka, kimoja kikateleza, viwili vikamegeka, kimoja kikateleza. Afande aliendelea kunywa kahawa. Fundi alilegeza jiliwa, akaitoa silinda, akaifunga kwenye kitambaa chake cha flana.

"Tabora," alisema, "nenda kwako."

Nikaenda. Karakana ilifungwa kabla ya adhuhuri na haikufunguliwa kwa muda mrefu. Asubuhi zangu zilikuwa na shimo. Wafanyakazi wangu walikuwa wakiniuliza mzee yuko wapi, nikawaambia amesafiri. Nilimpigia simu mkewe, akasema, "Yupo, ila hasemi. Ana hasira na dunia, na wewe ndiye dunia." Sikuona nilipokosa, lakini niliumia.

Siku aliyorudi alinibishia mlango kwa mguu kwa sababu mikono yake ilishika birika na sahani ya vitumbua vya mkewe. "Njoo," alisema, "nataka shahidi." Kwake nilimkuta Afande kitini, amevaa kilemba kizuri, na mezani imetandazwa karatasi ya shabaha. Matundu sita yalikuwa yamekaa mahali pamoja, na finjani ya kahawa ikageuzwa juu yake ikayafunika yote. Kokwa mpya, za risasi safi. Vyumba havikuguswa tena.

Fundi alisimama wima mbele ya mteja wake. "Afande, nataka nikwambie. Bastola yako n'likuwa karibu kuiharibu. Masikio yangu yamekufa, na n'likuwa nawaficha watu. Huyu Tabora ndiye aliyeiokoa."

Afande alimtazama kwa makini sana. Akaegemea mbele, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Wasemaje?"

Fundi akasema, "Naam?"

"Nasema sikukusikia. Mie mizinga ilinimaliza zamani. Miaka yote hii ukisema, mie naitikia tu."

Ilinibidi nipaze sauti katikati yao, nimweleze huyu alichosema yule, mkono mmoja kwa huku na mmoja kwa kule. Ikawadhihirikia kwamba miaka hii ya mwisho ya urafiki wao, mazungumzo yote yale ya vita, ya madaktari, ya bei za nyumba, kila mmoja alikuwa akizungumza peke yake na kumwona mwenziwe mwelewa sana. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye ile karatasi, na Fundi akaipangusa kwa kilemba cha Afande.

Lakini baada ya hapo hakuchukua kazi nyingine. Nilimbembeleza. Nilimwambia koleo lipo, macho yapo, mkono upo. Alinijibu kwa upole ambao sikuuzoea kwake. "Kiziwi anaweza kuwa fundi. Mie n'likuwa kiziwi anayesema anasikia. Na pale n'likwisha kutia mafuta, Tabora. N'likuwa nazungusha." Alirudisha vibali, akauza jiliwa, mwanawe akaja na gari kubwa wakapakia. Sasa pale pana watu wanaobandika vioo vya magari karatasi nyeusi, na muziki wao unapenya ukutani mchana kutwa.

Mara ya mwisho kukaa naye kitako ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, nyumbani kwa mwanawe Qurum. Ni jumba jeupe lenye bustani, na mtaa mzima haukuwa na mtu hata mmoja anayekwenda kwa miguu. Alikuwa amenituma kupitia mwanawe nimletee ndoo. Klabu ya shabaha imempata fundi mwingine, kijana, na kijana huyo anahitaji risasi, na Fundi amejitolea kumchambulia. Kusubu hakusubu, mkwewe hataki moshi wala risasi jikoni, naye anaogopa kwa wajukuu. Amepewa baraza ya nyuma, mkeka, kopo na pipa, na bomba la kunawia pembeni.

Nilimkuta ameketi, amekonda, kofia juu ya birika kama zamani. Koleo lilikuwa mkononi. Nilimwamkia, akaniangalia mdomo, akaitikia.

"Lile la viziwi," alisema, akilinyanyua nilione.

Nikakaa kando yake. Hewa ilikuwa na unyevu wa bahari ambayo haikuonekana, na mwanga wa baraza ulikuwa mzito, wa njano, wa kumlaza mtu. Alichukua kipande, akakibana, akakitia kwenye kopo. Akachukua kingine, koleo likateleza, akakitupa pipani. Nadhani nilisinzia kidogo, maana nilipofumbua macho koleo lilikuwa chini na yeye amekishika kipande kimoja kati ya vidole, hajakibana. Alikinyanyua usawa wa bega, akakiachia kwenye vigae.

Akanigeukia. "Imesemaje?"

"Imelia, Fundi."

Akakitupa. Akatafuta kingine ndooni, akakipangusa kwenye kanzu yake, akakiachia. Kilianguka kikakaa palepale kilipoangukia.

"Na hii?"

Nilisikiliza. Bustani nzima ilikuwa kimya.

"Hii haikusema kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi hiyo n'meisikia mwenyewe," alisema Fundi, akaiokota, akaitia kwenye kopo.